Mlio wa Kupandia Lushoto

Gereji ipo Mombo, hatua chache kutoka barabara kuu ya Arusha, pale njia ya Lushoto inapochepuka na kuanza kuutafuta mlima. Alasiri ile pikapu tatu zilikuwa zimeegeshwa chini ya mwarobaini: Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 79 yenye injini ya 1HZ, Isuzu D-Max ya lita 3.0 na Toyota Hilux ya lita 2.8. Zote za dizeli, zote zikisubiri saruji na mbolea za kupeleka juu. Mpakiaji mmoja, huku akifuta jasho, aliuliza kati ya hizo ipi hasa ina nguvu. Hakungoja jibu, maana lori la saruji lilikuwa limefika. Jibu lenyewe lilitula mpaka jua likazama nyuma ya mkonge: Dereva wa Cruiser, Mama mwenye Hilux, Fundi wa gereji, Kijana mmoja na mimi. Nimeliandika kama lilivyokwenda, nikipunguza marudio, na nikiingia kati pale nilipoona siwezi kunyamaza.

DEREVA: Hilo nalo la kuuliza? Washa zote tatu, fumba macho, utaijua yenye nguvu kwa mlio wake. Cruiser yangu ikishika kona za kwanza, watu wa Soni wanajua nakuja. Silinda sita, lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta. Ikinguruma unaisikia kifuani. Hizi nyingine zinanong'ona, na mzigo haubebwi kwa kunong'ona.

KIJANA: Shikamoo, mzee.

DEREVA: Marahaba, mwanangu. Haya, sema, maana nakuona unachemka.

KIJANA: Mzee, mlio na nguvu ni vitu viwili. 1HZ yako torki yake ya juu ni niutoni mita 285, na inaifikia kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Nguvu yake ya juu ni kilowati 96. Hilux ya Mama hapa, ya gia za mkono, inatoa torki 420 kuanzia mizunguko 1,400 hadi 2,600, na kilowati 130. D-Max ile, yenye injini ya 4JJ1, inatoa torki 380 kuanzia mizunguko 1,800, na kilowati 130 vilevile. Kwa karatasi, Cruiser ni ya tatu.

DEREVA: Karatasi haijawahi kupanda Lushoto.

FUNDI: Karatasi haipandi, sawa, lakini usiitupe. Torki ni mkono wako ulioshika spana ndefu na nati imekataa. Hiyo ndiyo nguvu ya kuzungusha. Kilowati ni torki hiyohiyo, ukiulizwa sasa unaizungusha kwa kasi gani. Mtu anayekutajia moja tu, hajamaliza kusema.

Kijana alichana mfuko mtupu wa saruji, akaandika kwa makaa. Torki zidisha kwa mizunguko, gawa kwa 9,549, unapata kilowati. Cruiser kwenye mizunguko 2,200: 285 mara 2,200, ni kilowati 66. Hilux kwenye mizunguko 1,500 tu: 420 mara 1,500, ni kilowati 66. Nguvu ileile kabisa. Kisha akaandika hesabu ya pili, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisogee karibu. Injini hizi kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo silinda sita za Cruiser, zikitoa zile kilowati 66, huwaka mara 110 kila sekunde. Silinda nne za Hilux, kwa kazi hiyohiyo, huwaka mara 50. Dereva anaposema gari lake linasikika linafanya kazi, anasema kweli. Linahangaika kuliko lenzake ili lifike palepale.

DEREVA: Sasa wewe unanihesabia namna gari linavyopumua. Mimi nahesabu mifuko. Nimebeba mifuko mingapi kwa gari hili, na liko hapa?

KIJANA: Liko hapa, mzee, sikatai. Ila tuendelee na kupumua, maana umeligusa mwenyewe. Gari lako linavuta hewa kwa pumzi yake, halina turbo. Mombo tuko chini. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya kule ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na ya pwani. Zile 285 zilipimwa kwa hewa nzito. Ukifika juu huna 285 tena. Mwenye turbo hewa anasukumiwa, anafidiwa sehemu kubwa ya upungufu.

FUNDI: Hilo kila mtu analijua akiwa juu. Bomba linaanza kutoa moshi mweusi, kwa sababu mafuta yameingia yaleyale na hewa haikutosha. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kufanya kazi.

MAMA: Niulize mimi ninayelipa. Hizo kilowati 130 zote nazihitaji? Maana Hilux nilipoinunua niliambiwa nguvu, nguvu, nguvu.

Swali la Mama ndilo bora lililoulizwa siku ile, na Kijana alilitendea haki. Aliipigia hesabu safari nzima. Chukua pikapu na mzigo wake, tani 3 kwa jumla, uipandishe mita 1,000 kutoka Mombo hadi Lushoto, njia ya kilomita zipatazo 33, kwa dakika 45. Kuuinua uzito huo peke yake kunadai kama kilowati 11. Ongeza matairi yanayosaga lami na upepo wa kasi ile ndogo, hufiki 20. Sisi sote tulimtazama. Kilowati 20 kati ya 96, kati ya 130! Pale pakali zaidi, penye mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100 za njia, ukitaka kwenda kilomita 40 kwa saa, unahitaji kama kilowati 40. Cruiser inazo. Kwa hiyo Dereva hakuwa na haja ya kuona aibu, na hakuna pikapu kati ya zile tatu iliyokuwa dhaifu kwa mlima ule. Tofauti yao ni namna ya kuzipata hizo 40. Hilux inazo ikiwa imetulia, gia ya juu, mizunguko michache. Cruiser inabidi ushushe gia, ukanyage mafuta, uipandishe mizunguko, na hapo ndipo ule mlio wa kifuani unapozaliwa.

FUNDI: Nami niseme langu kuhusu mlio, maana mnauongelea kama kitu kimoja. Dizeli haina plagi ya kuiwasha kama petroli. Hewa inabanwa mpaka inakuwa moto, mafuta yanarushwa ndani, yanajiwasha yenyewe. Lakini hayawaki papo hapo. Kuna kitambo kidogo cha kusubiri. Kitambo hicho mafuta yanazidi kuingia, yanarundikana, halafu yote yanashika kwa mkupuo. Ngo! Huo ndio mgongo wa kelele za dizeli. Anayekumbuka Isuzu TFR ya injini ya 4JA1 anajua ninachosema, maana ile mafuta yalirushwa moja kwa moja juu ya pistoni, ikawa kama mtu anagonga debe ndani ya boneti. 1HZ ni mpole zaidi. Mafuta yake yanaanza kuwaka kwenye kichumba cha pembeni, kisha moto unamwagikia kwenye silinda. Kwa hiyo, Mzee, kelele ya gari lako si ya kugonga sana. Ni ya mizunguko, na feni, na gia, na umri.

DEREVA: Umri uache.

FUNDI: Nauacha. Sasa hizi mpya, mafuta yote yanakaa kwenye reli moja yakiwa na shinikizo kubwa mno, na kompyuta ndiyo inayofungua nozeli. Inarusha tone dogo kwanza. Tone linawaka, linapasha moto njia. Ndipo mafuta yenyewe yanafuata, na yanashika yakiingia badala ya kurundikana. Mlipuko uleule umekatwa vipande vipande. Ndiyo maana unaambiwa inanong'ona. Na tena 1HZ inabana hewa zaidi ya mara 22. Hiyo Hilux inabana kama mara 15 na nusu. Inachokosa kwenye kubana, turbo inakirudisha.

KIJANA: Na ndiyo maana nguvu na ukimya vimepanda pamoja. Tazameni Marekani, ambako watu wamegombana kuhusu hili kuliko sisi. Dodge ilipoweka injini ya Cummins ya lita 5.9 kwenye pikapu mwaka 1989, ilikuwa na nguvu farasi 160 na torki 542, na mlio uliomtoa mtu usingizini. Wapo mpaka leo wanaoupenda mlio ule kama wimbo. Mwaka 2001 Chevrolet na GMC zikaja na injini ya Duramax, ya reli, na moja ya sifa zake ilikuwa utulivu. Mwaka 2003 Cummins yenyewe ikahamia kwenye reli. Ford za mwaka 2023 zimefika farasi 500 na torki 1,627. Mara tatu ya ile ya 1989, na unaweza kuongea na abiria wako bila kupaza sauti. Kelele ingekuwa nguvu, hizo zingepasua vioo.

DEREVA: Mimi siko Marekani. Niko kwenye barabara nyembamba, upande mmoja jabali, upande mwingine korongo. Mlio wangu ni honi. Anayeshuka ananisikia kabla hajaniona.

MAMA: Anakusikia wewe, Baba. Wewe unamsikia?

Kukawa kimya kidogo. Mama ananunua kabichi na karoti kule Lukozi, na amepita njia ile kwa kila aina ya gari kwa miaka mingi. Aliendelea taratibu, kama mtu aliyelifikiri jambo siku nyingi bila kupata pa kulisemea.

MAMA: Kwenye zile kona unapiga honi, halafu unangoja ujibiwe. Sivyo? Nilipokuwa nakodi magari ya zamani, tulikuwa tunapiga honi na hatusikii kitu, kwa sababu injini imejaa masikioni. Tunakata kona kwa kumwomba Mungu. Siku moja tukakutana na basi uso kwa uso, na konda wao akasema walipiga honi mara tatu. Mara tatu! Kwenye Hilux nikishusha kioo nasikia honi ya mtu aliye kona mbili mbele. Nasikia turubai likianza kupigapiga. Nasikia tairi likiguna. Mimi ukimya siupendi kwa ajili ya raha. Nauhitaji nijue nini kinakuja.

Mimi sikuwa nimeutarajia upande huo, na naukubali wote. Niongeze na wangu. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa pikapu, na kwetu hakuna mtu aliyekaa upande wake wa kulia wakati wa kula. Ukikaa kulia, hakusikii. Tulidhani ni tabia. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipofikiri: usukani wetu uko kulia, dirisha liko kulia, na joto la tambarare halikuruhusu kufunga kioo. Miaka yote ile sikio moja lilikuwa likipokea injini, upepo na malori ya kupishana, na jingine likikingwa na kichwa chake mwenyewe. Wataalamu wa usikivu kazini wanaweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, nishati ya sauti inakuwa maradufu, na muda salama unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Sikio halipigi kelele linapokufa. Mtu anaanza tu kuongeza sauti ya redio. Wanaposema mlio ni uanaume wa gari, nawaza ile nafasi tupu upande wa kulia wa baba, na nakasirika. Mlio ule haukumpandishia mfuko hata mmoja wa ziada.

Dereva aliniangalia muda mrefu. Hakunijibu. Alimgeukia Fundi, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayetetea kitu chenye uzito kuliko sifa.

DEREVA: Haya, tuyaache ya nguvu. Niambieni hili. Gari langu likiugua, nasikia. Nozeli moja ikianza kuharibika mlio unabadilika, naijua kabla ya moshi. Beringi ikilia, naijua. Hizi zenu zikiugua nani anajua? Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, basi. Uko Mtae, mvua inanyesha, taa ya njano. Utaisikiliza taa?

FUNDI: Hapo Mzee kasema. Mimi nimejifunza kazi kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, nahama silinda hadi silinda. Kwenye 1HZ nalegeza bomba la nozeli moja moja. Nikilegeza na mlio usibadilike, mgonjwa ni huyo. Ujinga huo kwenye reli utakuua, shinikizo lile linachoma ngozi kama kisu. Pale panatakiwa mashine ya kusoma, na mashine ninayo moja, ya kuazima.

KIJANA: Mashine inakwambia silinda ipi inachangia pungufu, Fundi. Inasikia kuliko bisibisi.

FUNDI: Ikiwepo. Ikiwepo, mwanangu.

MAMA: Na mafuta yakiwa mafuta. Mwaka juzi dereva wangu aliishiwa njiani akanunua dizeli ya dumu. Wiki mbili, gari likazima. Nozeli zote nne, na pampu. Nililipa fedha za mbegu na mbolea za msimu mzima. Mzee hapa angeweka hayohayo, angetoa moshi akaondoka.

Hapo ndipo ilipo hoja nzito ya upande wa Dereva, na haina uhusiano na kilowati. Dizeli hailishi injini tu, inazilainisha pampu na nozeli. Ukiichanganya na mafuta ya taa, ulaini unapungua, na vyuma vilivyosagwa kwa vipimo vidogo mno vinaanza kukwaruzana. Tanzania tunakumbuka vizuri miaka ya uchakachuaji, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka kwenye mafuta vinasaba, yaani alama za kuyatambua yasiyochanganywa, mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya ife. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikaingia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hizo ni hatua kubwa, na bila hizo Hilux ya Mama isingekuwa na maisha hapa. Lakini dumu la kando ya njia halina kinasaba. Tumeleta injini inayodai mafuta safi na fundi mwenye vifaa, tukaileta kwa watu ambao mara nyingine hawana hiki wala kile, kisha tunamcheka mzee anayeng'ang'ania 1HZ. Mimi simcheki. Simuungi mkono kwenye nguvu wala kwenye kelele, ila kwenye hili yuko sahihi, na wanaouza magari mapya walipaswa kulisema kabla Mama hajalipa.

Kuhusu vijana wanaokata silensa ili Hilux ilie kama lori, Fundi alitumia sentensi mbili, nami sitazidisha. Alisema turbo yenyewe inameza sehemu kubwa ya sauti, kwa hiyo wanatoboa bomba wapate kelele ambayo injini haikuwa nayo. Alisema wakija kwake anawarudisha nyumbani.

KIJANA: Basi, Mzee, ungeambiwa uchague leo?

DEREVA: Nisingechagua. Ningebaki na langu. Nalijua.

MAMA: Baba, dereva wangu leo hayupo, na mifuko yangu imeshapakiwa. Nisaidie unipandishie. Nitakaa nawe mbele. Cruiser yako bado inapakiwa, hutachelewa.

Alikataa mara mbili kwa adabu, kisha akapanda. Alikitafuta kiti, akakirudisha nyuma, akaiwasha, na kwa sekunde kadhaa akabaki amekunja uso akitazama dashibodi, kama haamini kwamba imewaka. Wakaondoka. Kutoka pale chini ya mwarobaini tuliwasikia mpaka kona ya kwanza, si zaidi. Tulizoea kumfuatilia kwa mlio mpaka nusu ya mlima.

Alirudi usiku, kwa lifti ya basi dogo, akaja moja kwa moja kwenye Cruiser yake na kuanza kukagua kamba za mzigo. Kijana akamuuliza nguvu aliionaje. Alisema inavuta, hakuna ubishi, gia ya tatu mahali ambapo yeye huwa ya pili. Akaendelea kuvuta kamba. Kisha akasema, bila kugeuka, kwamba walipopita Soni alikuwa ameshusha kioo, akasikia sauti asiyoijua, akadhani ni tairi linatoa upepo, akasimama pembeni, akashuka kuangalia.

"Tairi zima," alisema. "Ni maporomoko. Miaka thelathini napita pale."